Mashine Mbili na Neno Abet

Jumatatu, Nehase 20

Leo nimepanga seva mpya za Jumba la Kanda. Mimi, Yirdaw! Niliyeishia darasa la nne! Mashine mbili, moja ikizimika nyingine inashika kazi papo hapo, na faili zinaendelea kupatikana kama vile hakuna kilichotokea.

Haya. Uongo. Nilipeleka kahawa, nikakaa kwa sababu hakuna aliyeniambia toka.

Aliyepanga ni Rediet, fundi wetu wa kompyuta, binti mwembamba kama waya zake. Seva ya zamani inakohoa. Ndani yake zimo sauti zote nilizozitunza miaka thelathini na nane, na kanda zenyewe zilishaoza. Ikifa hii, basi. Kwa hiyo anataka mbili, zenye faili zilezile. Watu wa redio na wa chuo wataita jina moja tu, wala hawatajua ni ipi iliyowajibu.

Nikamuuliza, sasa ya pili itajuaje kuwa mwenzake kafa? Akasema zinaitana, kila sekunde. Upo? — Abet! Upo? — Abet! Siku abet, hiyo naam yetu, isiposikika, iliyobaki inabeba kazi yote.

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Bi Askale wa masjala akaniuliza kama naumwa tumbo.

Jumatano, Nehase 22

Siyo tumbo.

Mke wangu Tewabech alikuwa ananiita mara mia kwa siku. Yirdaw! — Abet. Yirdaw, mlango! — Abet. Nami namwita hata nikiwa sina la kusema, ili nimsikie tu akiitika kutoka jikoni. Mvua mbili sasa tangu tumzike, naita, kimya. Kazi yote nimebeba mimi. Shiro napika, inaungua, nakula. Jirani bado wanasimama langoni kwa mazoea: Tewabech! Natoka naitika mimi: Abet! Wanaona haya. Mimi sioni. Jina limeitwa, sharti mtu aitike.

Hapa tu ndipo anaponijibu. Imo sauti moja kwenye seva. Pagume 3, miaka kumi na minane iliyopita, siku ya mvua ya Rufaeli, mvua ya baraka. Nilitumwa kurekodi watoto wakikoga barabarani. Nikasimama mbele ya nyumba yangu mwenyewe — uvivu. Mara dirisha likafunguka. Yirdaw, mzee mzima, ingia ndani utaugua! Abet, nakuja! Huji, nakujua! Halafu anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. Dakika nne.

Picha ninazo tatu, zote kanuna. Kicheko ni hicho kimoja.

Ijumaa, Nehase 24

Mkutano wa mipango. Nilikaa mbele.

Rediet kachora mashine mbili ubaoni na waya katikati. Akasema hatari si kufa. Hatari ni waya kukatika, zote mbili zikiwa hai, kila moja ikidhani mwenzake kafa. Zote zinaandika faili ileile, kila moja lake. Ndiyo mwisho wa faili.

— Hiyo naijua, nikasema. Mwaka mzima mimi na mke wangu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayetia chumvi.

— Mlifanyaje, Gashe? akauliza Rediet. (Gashe, heshima ya mvi zangu.)

— Tulikunywa maji.

Mkuu wetu hakucheka. Yeye hachekagi kabla ya mwisho wa mwezi.

Dawa yake, anasema Rediet, ni shahidi. Mashine ya tatu, ndogo, haibebi faili yoyote. Kazi yake ni kuamua tu: wewe endelea, wewe kaa kando. Na atakayeambiwa endelea anamkatia mwenzake umeme kwanza, asije akazinduka akaanza kuandika. Nikamwambia huo ni ukatili. Akasema ndiyo salama yenyewe. Sikupenda. Bi Askale akasema shahidi ni kama yeye tu, miaka yote mimi na Tewabech tulimwita aamue nani kaanza ugomvi. Na kila mara, akasema, ulikuwa wewe, Gashe.

Shida ilikuwa chumba. Shahidi lazima akae mbali na hizo mbili, kwenye laini nyingine ya umeme. Laini nyingine ipo kwenye stoo yangu tu, ninapolala baada ya chakula. Wote wanajua. Wote wakatazama dari.

Nikaitoa. Godoro nimelihamishia kwa Bi Askale — nyuma ya makabati yake, si vinginevyo! Rediet akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Gashe, umeniokoa, una jambo moja la kunidai, lolote, siku yoyote.

Nimeliweka. Halina haraka.

Jumatatu, Nehase 27

Nimetia saini orodha ya faili zitakazohamishwa. Bi Askale ameichapa kwenye fomu ya ofisi, kila mwaka na miezi yake. Kurasa sitini! Miwani ilikuwa nyumbani. Nilikunja uso, nikafunua moja moja, nikasema mm, nikasema ehee. Chini pameandikwa: nimesoma na kuhakiki. Saini yangu nzuri sana, ina mkia.

Mkuu akasema hakuna ayajuaye mambo ya humu kama Gashe Yirdaw, ndiyo maana hata baada ya kustaafu tumembakiza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ijumaa, Pagume 1

Mjinga mimi. Mjinga mwenye mkia!

Bi Askale alikuwa anatania kwenye kahawa. Mwezi mdogo wa kumi na tatu umeingia, siku tano tunafanya kazi bure. Pagume serikali haiujui, akasema, fomu zetu zote zina mistari kumi na miwili.

Kikombe kikanikwama mdomoni.

Mistari kumi na miwili. Nikaenda kufunua nakala yangu, na miwani safari hii. Meskerem, Tikimt, Hidar... Hamle, Nehase. Mwaka unaofuata. Meskerem, Tikimt. Kurasa sitini, hakuna Pagume hata moja. Kwenye karatasi huwa tunaipachika kwenye Nehase na kila mtu anaelewa. Mashine haielewi. Ndani ya seva Pagume ina kasha lake, na kicheko cha Tewabech kimo humo — nililiomba mimi mwenyewe, nikang'ang'ania, eti utaratibu!

Rediet alishaondoka. Alisema mashine ile ya zamani itawashwa mara moja tu, Jumapili ofisi ikiwa tupu. Itatoa kilichomo kwenye orodha, kwa mpangilio wa orodha. Ikizimwa, hadhani itaamka tena.

Simu ninayo. Namba yake ninayo. Nitamwambiaje? Nilihakiki bila kusoma? Mkuu atasema kumbe huyu mzee ni wa mapambo tu.

Sikupiga.

Jumamosi, Pagume 2

Sikupiga.

Jumapili, Pagume 3

Mvua tangu asubuhi. Watoto wamejaa barabarani, uchi, wanapiga kelele. Na mimi nimelowa. Nilitembea polepole kwa makusudi. Hakuna aliyefungua dirisha.

Rediet yuko peke yake na mashine mbili na ile mgonjwa, shahidi yuko stoo. Mbili mpya zinaitana vizuri. Kaniletea kiti, nimemletea kolo, shayiri ya kukaanga, tunatafuna. Ya zamani inakwaruza kama kuku. Kila ikinyamaza naye anaacha kutafuna.

Anasoma kwa sauti: Ginbot, tayari. Sene, tayari.

Nimeomba karatasi, nimemwambia naandika hesabu ya vikombe. Naandika haya, nitayabandika kwenye daftari nikifika nyumbani. Mdomo unagoma. Mkono haujagoma.

Hamle, tayari.

— Gashe Yirdaw!

— Abet!

— Nehase ya mwisho inaingia. Ikimaliza nizime? Unazijua kuliko mimi.

Nimemwambia subiri, namalizia mstari. Anacheka, anadhani bado nahesabu vikombe. Nitampa karatasi hii, upande huu, asome hapa chini tu:

Rediet mwanangu, orodha sikuisoma. Mwambie mkuu ukitaka. Ila lile jambo moja ninalokudai, nalidai sasa. Usizime. Chini ya Nehase niongezee mstari mmoja: Pagume, ya kila mwaka. Ni mwezi wa siku tano tu, hauna uzito.