Vipande Kumi vya Chapati

Jumatatu. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Brussels yasiyotaka kuwa mvua wala kukoma. Nimerudi kutoka shule na soksi zilizolowa, na hasira ya jana haijapungua hata kidogo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mora Corinne hawezi kukisoma. Mora ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike katika masomo ya dini yetu ya Kiyahudi. Yeye hufundisha watoto wadogo kwa mtandao kila Jumapili asubuhi, mdogo wangu Dani akiwa mmoja wao, na husema kila mara kwamba kujifunza lazima kuwe na furaha.

Naichukia furaha yake.

Kila mwezi posta hutuletea sanduku lake: gundi, karatasi za rangi, chengachenga za kumetameta. Tumeshatengeneza safina ya katoni, taji la malkia, na mti wa komamanga ambao makomamanga yake yalidondoka kabla hata ya somo kuanza. Zile chengachenga bado zimo kwenye zulia la sebuleni. Baba aliwahi kwenda nazo kazini, kwenye nyusi. Sisi wakubwa, ambao hutufundisha baada ya wadogo, hatupewi gundi. Tunapewa mchezo wa maswali wenye muziki na saa inayohesabu kurudi nyuma, na anayebonyeza haraka ndiye anayeshinda, awe amefikiri au la. Mimi hufikiri kwanza, kwa hiyo huwa wa mwisho. Niliwahi kuandika kwenye gumzo kwamba labda siku moja tusome ukurasa mmoja tu, pamoja, polepole. Nikajibiwa kwa picha ya mtu anayesinzia.

Mama ndiye anayeyapenda masanduku hayo. Mama ni mtu wa Nakuru, na hakuzaliwa Myahudi. Alisoma kwa rabi miaka miwili mizima kabla ya kupokelewa, akakaa mbele ya watu watatu waliomhoji hadi wakaridhika. Baba alizaliwa Myahudi na hajui baraka ya mkate mpaka mwisho. Basi anayekata, anayebandika na anayekanda ni Mama, hata akiwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee na miguu imevimba.

Jana somo lilikuwa kuisaka hametzi. Kwa asiyejua: hametzi ni chakula chochote cha nafaka kilichoumuka, na Pasaka yetu haitakiwi kukikuta nyumbani. Usiku wa kuikaribisha, nyumba hupekuliwa kila pembe. Vipande kumi vya mkate hufichwa makusudi, ili anayesaka asirudi mikono mitupu. Wadogo walikuwa wafanye mazoezi mbele ya kamera, kila mtoto kwao, na tochi, unyoya wa kufagilia makombo na kijiko cha mbao cha kuyazolea.

Nyumbani hapakuwa na mkate. Kabla ya Pasaka Mama humaliza unga wote kabatini, na hapo ndipo palipoanzia balaa. Asubuhi aliukanda unga wa mwisho, akauacha upumzike chini ya kitambaa, akapika chapati. Tulikula mpaka tukashindwa. Vipande kumi vya mwisho akavifunga kwenye karatasi akavificha.

Mimi nilishika simu, kwa sababu mimi ndiye mpiga picha wa nyumba hii. Kazi hiyo inanifaa: anayeshika kamera haonekani.

Dani alipata kipande cha kwanza nyuma ya kipasha joto. Alipiga ukelele kama aliyevua samaki, akakifungua, akakisogeza mbele ya simu. Ana miaka minane na mapengo mawili, na yote mawili yalionekana.

Mora Corinne akacheka. "Oh, hapana, Dani mpenzi! Hiyo si inafanana na matza? Matza ndiyo tunayokula Pasaka, hatuitupi! Nadhani maman amechanganya kidogo."

Matza ni mkate wetu wa Pasaka, usioumuka, bapa kama sahani. Chapati pia ni bapa. Basi hapo ndipo elimu yake ilipokomea.

Watoto kumi na wanne walicheka kwenye visanduku vyao vya skrini. Mmoja akauliza, "Kwao mkate ndio huo?" Na Mora akasema, kwa sauti ile ya furaha, "Dani, kimbia ulete mkate wa kweli. Hata kipande cha tosti!"

Mama alikuwa pale pale na kijiko mkononi. Akainama mbele ya simu ili aonekane. Akatabasamu. Akasema, "Pardon, madame."

Mama yangu aliomba msamaha.

Unga uliokutana na maji ukiachwa tu, bila kukandwa wala kuokwa, baada ya dakika kumi na nane umeshakuwa hametzi. Haijalishi umevimba au la. Haijalishi ni bapa, mviringo au una umbo la ngamia. Unga wa Mama ulilala chini ya kitambaa zaidi ya nusu saa. Zile chapati zilikuwa hametzi kuliko tosti za mtaa mzima wa Laeken. Mimi nalijua hilo. Nimelisoma, tena mara mbili, kwa kuwa lilinipendeza. Kidole changu kilikuwa karibu na alama ya kipaza sauti, karibu kiasi cha punje ya mchele.

Sikubonyeza.

Na kuna baya zaidi, nalo nitaliandika kwa sababu shajara ya uongo ni karatasi iliyopotezwa bure. Kabla hasira haijaja, kwa muda mfupi sana, nilimwonea Mama haya. Niliwaza: angenunua tu baguette kama watu wengine.

Dani hakuleta mkate wowote. Alikaa sakafuni na vipande tisa vikiwa bado vimefichwa, mpaka somo likaisha. Kisha akasema, bila kulia, "Kwa Bobonne sitauliza maswali. Aulize mwingine. Mimi si sijui hata mkate?"

Bobonne ni mama yake Baba, anaishi Auderghem. Usiku wa Pasaka mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeimba maswali manne, na kwetu mdogo ni Dani. Amefanya mazoezi tangu majira ya baridi, bafuni, kwa sauti ya kupasua vioo. Bila swali la mtoto, usiku ule hauna pa kuanzia. Hilo Mora Corinne alilivunja kwa mzaha mmoja, akaendelea kwa mtoto wa pili.

Nilimfuata Mama jikoni.

"Kwa nini ulimwomba msamaha?"

"Ulitaka nigombane na mwalimu mbele ya watoto?"

"Lakini ulikuwa unajua!"

"Sasa nisijue kwa nini? Rabi alinichosha miaka miwili na unga na maji, mpaka nikawa naota nakanda." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Wewe pia ulikuwa unajua. Na ulikuwa na simu."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Baba alishauri nimwandikie Mora barua pepe, kwa upole. Rasimu ya kwanza ilimwita mjinga. Ya pili ilimwita mjinga kwa Kifaransa kizuri zaidi. Ya tatu ilieleza dakika kumi na nane, kitambaa na nusu saa, na ikasema kwamba Mama hakuchanganya chochote. Niliituma jana jioni, nikafunga kompyuta kama mtu aliyeiba.

Jibu limekuja leo wakati wa chakula cha mchana. Vikatuni vitatu vya kucheka, halafu: nimemfundisha jambo! Ajabu! Je, Jumapili ijayo, kabla ya Pasaka, ningependa kuwaeleza watoto mwenyewe, kwa shughuli ndogo ya mikono, yenye furaha?

Kuhusu Mama, hakuna hata neno.

Nilikaa kwenye ngazi za shule nikalisoma tena jibu lote, nikilitafuta neno hilo. Halafu nikaandika kwa simu, bila rasimu: Nitakuja. Kabla sijaanza, mwombe Mama msamaha, watoto wakisikia, kwa kuwa walisikia pia ulipomcheka. Nikatuma kabla woga wangu haujaamka.

Hajajibu bado. Nimeangalia mara kumi na moja.

Nilipomwambia Dani, alinitazama kama niliyemwambia nakwenda mwezini. "Utaongea wewe? Wewe ambaye mimi ndiye ninayekuagizia chipsi kibandani kwa sababu unamwogopa yule mzee?"

"Ndiyo."

"Kamera wazi?"

"Wazi."

Akafikiri sana, akichokonoa pengo lake kwa ulimi. "Haya. Ukiongea, nitauliza maswali ya Bobonne. Ukinyamaza, sitauliza. Na usininunue kwa chokoleti."

Kwa hiyo sasa liko juu yangu.

Nimeshaamua shughuli ya mikono itakuwa ipi. Hakutakuwa na gundi, wimbo, wala kitu chochote cha kumetameta. Kila mtoto atachanganya unga na maji, afinyange donge moja, aliweke mezani, kisha tutalitazama. Dakika kumi na nane, bila muziki. Wachoke. Wanune. Mora naye achoke. Zikiisha, nitawaambia waliangalie vizuri donge lile ambalo halijabadilika hata kidogo machoni, na niwaambie kwamba limeshabadilika, na kwamba mtu aliyesoma hulijua bila kuambiwa na macho.

Sitatabasamu. Hilo nimejiahidi.

Kisha nimepiga hesabu. Dakika kumi na nane, watoto kumi na wanne, Mama amesimama nyuma yangu, na katika muda wote huo lazima kuwe na mtu anayeongea.

Sijawahi kuongea mbele ya watu hata dakika mbili.