Moshi Aliouona Mama

Dada yangu Nekesa,

Mulembe sana. Natumai barua hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua, wewe hukai. Kama umesimama na mwiko mkononi, tafadhali epua sufuria, vuta kile kiti cha Baba, ukae kwanza. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anaendeleaje? Bado anakataa chakula cha mkono wa mtu mwingine? Na ule uvimbe wa miguu umepungua? Ng'ombe amezaa ama bado anatuzungusha? Mahindi mlimaliza kuanika kabla mvua haijawapata? Na wewe mwenyewe, mgongo? Najua utasema "niko sawa". Tangu nikujue hujawahi kusema kitu kingine.

Utashangaa mbona naandika barua na simu ziko. Simu yako unaiweka sauti ya juu kwa sababu ya lile sikio lako, na hapo karibu kuna Mama, na jirani, na yeyote aliyekuja kuomba chumvi. Haya ninayotaka kusema si ya jirani. Halafu kwa simu mimi ni mjanja, unanijua. Nikiona neno limekuwa gumu nasema network imepotea. Kwa hivyo nimempa barua msichana mmoja wa Webuye tunayefanya naye kazi, anakuja kuona wazazi wake. Amesema atakuletea mpaka mlangoni.

Dada, ile wiki ya kabla ya Krismasi sikuwa kazini.

Nilikuambia kwamba kwenye hii nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Ujerumani wamewanyima watu wote likizo. Uongo. Likizo nilipewa, tena ya kutosha kuja Kitale nikae na Mama, ili wewe uende Bungoma kwa kijana wako Wafula, mke wake Sarah ajifungue ukiwa hapo, umpokee mjukuu wako wa kwanza na umwogeshe kwa mikono yako mwenyewe. Tulipanga hivyo tangu wakati wa kupalilia mahindi. Badala yake nilipanda treni nikaenda Viena, mji mkubwa wa nchi jirani, kutembea. Sikuwa naenda kwa mtu. Sikuwa na mkutano wa kanisa. Kutembea tu.

Najua hapo umesimama. Kaa.

Sababu nitakupa, na si nzuri. Huku kazi yangu ni kuosha wazee. Namgeuza huyu, namvua yule, nampaka mwingine mafuta ya miguu, namlisha uji kwa kijiko huku ananitemea. Likizo ilipokaribia nikawaza: yaani nitoke kuosha mama za watu, nipande ndege, nishuke, nianze kuosha mama yangu? Nikaona uchovu hata kabla ya kufunga mkoba. Jambo la pili ndilo liliniogopesha zaidi. Ulikuwa umeniambia Mama hanitaji tena, akiona picha yangu ukutani anauliza ni binti ya nani. Niliogopa kusimama mbele yake aniulize hivyo usoni. Basi nikatoroka. Wewe ungetoroka lini? Barasa ni kaka yetu, lakini mwanamume hawezi kumwosha mama yake mzazi. Ile siku ulijaribu kumwachia Mama yule mama wa Kipsongo, mtu mpole kabisa, si Mama alipiga nduru ati anawekewa sumu? Nilikuwa nayajua hayo yote, na bado nikaenda.

Na kosa ni kwamba nilifurahi. Ningekuambia nilihuzunika safari nzima ungenihurumia, lakini sitaki kukudanganya mara mbili.

Theluji ilikuwa imelala juu ya mapaa, barabara zimefagiwa. Nilitoka asubuhi bila kujua naenda wapi. Huko kwetu ukikutana na mtu njiani anakuuliza, "Unaenda wapi?" na lazima uwe na jibu, la sivyo jioni utasikia ati Naliaka ameharibika kichwa. Kule hakuna aliyeniuliza. Nikiona njia nyembamba imepinda naifuata mpaka mwisho, nikichoka narudi. Kuna mikokoteni ya farasi ya kubeba wageni, na harufu ya mavi ya farasi, bana, ilinikumbusha Kitale siku ya soko, nikacheka peke yangu. Niliingia hoteli ya kahawa, wakaniletea kikombe kwenye sinia ya kung'aa pamoja na glasi ya maji, na nikakaa hapo mpaka miguu ikapata joto yote. Hakuna aliyepita akipangusa meza na kuniangalia vibaya ati "Umemaliza, madam?"

Sasa masoko! Wakati wa Krismasi wanajenga vibanda vya mbao katikati ya mji, wanauza mishumaa, mapambo ya vioo, soseji ndefu kama mkono wangu. Kuna mbegu kubwa za kahawia wanazichoma juu ya makaa, ladha yake iko kati ya kiazi kitamu na karanga. Anayezichoma anapepea moto kwa kipande cha katoni vilevile kama wachoma mahindi wa kwetu. Nilinunua za moto, nikatia mfukoni, nikawa natembea nikimenya. Dada, nilikuwa nimesahau kwamba mwili wangu unaweza kutembea bila kusukuma mtu. Nilijisikia mwepesi. Hapo ndipo ujumbe wako ukaingia: "Leo Mama ako na nguvu. Piga simu ya video akuone."

Wacha nikueleze nilivyofanya, maana nadhani hukujua yote. Nilitafuta ukuta mweupe. Niliupata nyuma ya vyoo vya sokoni. Nikavua kofia, nikafungua koti ili nionekane kama mtu aliye ndani ya nyumba, nikasimama pale kwenye ukuta kama naenda kupigwa picha ya kitambulisho, halafu nikakupigia. Kwaya ilikuwa inaimba upande wa pili. Ukaniuliza ni nini hiyo, nikasema ni redio ya wazee. Ulimi haukuninasa hata kidogo.

Ukaniambia, "Sarah amejifungua jana. Kijana." Nikasema hongera, kukhu mpya, bibi wa mtu! Ukasema, "Mama yake alikuja akaona mtoto akarudi. Si unajua hawezi lala kwa mkwe wake. Kuna jirani mwenye anawasaidia." Nikasema Mungu ambariki huyo jirani, ati hata mimi ningekuwa na nafasi ningekuja, lakini unajua kazi ya wenyewe. Mungu anisamehe. Nilisema hivyo na mbegu za moto ziko mfukoni.

Halafu ukampa Mama simu. Aliniangalia muda mrefu, macho yake yale. Nilijua ataniuliza mimi ni nani. Badala yake akasogeza uso karibu, akakunja paji, akasema kwa sauti ile yake ya zamani kabisa:

"Naliaka! Wewe unavuta nini hapo?"

Unakumbuka, dada. Tulipokuwa wadogo, zile asubuhi za baridi kule boma la ng'ombe, moshi ukitoka midomoni, tulikuwa tunashika vipande vya bua la mahindi tukijifanya wavuta sigara. Wewe ulikuwa unatoa moshi kwa pua, ukajiita mzee wa baraza. Mama alikuwa anatokea na ndoo ya maziwa akitupigia kelele maneno hayohayo. Kumbe nilipofungua mdomo kumsalimia, pumzi yangu ilikuwa inatoka nyeupe kwenye baridi, na mimi na ujanja wangu wote wa kuvua kofia sikulifikiria hilo. Mama alinijua. Mtu aliyenisahau miezi yote hiyo aliniita jina langu, akanigombeza kama mtoto wake.

Na mimi nikafanya nini? Nikashtuka ati uongo umejulikana. Nikasema, "Dada, nimeitwa, kuna mgonjwa ameanguka." Ukasema, "Sawa. Funika kichwa basi." Nikakata simu.

Nilikuwa nimetembea hatua chache tu, nimepumua, nikijiambia nimepona, ndipo maneno yako yakanifikia. Funika kichwa. Nani hufunika kichwa ndani ya nyumba? Wewe unakamua kila alfajiri ya Mungu. Moshi wa mdomo unaujua kuliko Mama. Ulijua niko nje, ulijua si kazini, na ulichoona cha kuniambia ni nisipatwe na baridi. Nilisimama katikati ya soko nikalia, dada. Mama mmoja wa kibanda akaniletea kikombe cha kitu cha moto.

Kesho yake nikiwa bado Viena ndipo ukanitumia ile sauti fupi: "Mama anakutafuta kwa boma ya ng'ombe. Ati ulikuwa hapo saa hii. Nimeshindwa kumrudisha kwa nyumba." Basi. Hukuongeza neno. Nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo, pamoja na yule jogoo anayewika nyuma yako. Najua alivyo na miguu ile. Najua alisimama kwenye tope, ameshika mwimo wa lango, ananiita, na wewe umemshika kiuno. Kama ningebaki kwenye simu pale, nimjibu tu, "Sivuti kitu, Mama, ni baridi," labda angetosheka, angecheka, angelala. Alinipata, nikajificha. Hilo ndilo linaloniamsha.

Wafula naye alinitumia video ya mtoto akiogeshwa kwenye beseni la buluu. Kijana mzuri, ana paji la Baba. Lakini ile mikono iliyomshika shingo haikuwa yako. Ilikuwa ya jirani, mama wa watu mwenye huruma, na Sarah amekaa kitandani anaangalia. Wafula ameniuliza, "Mama mdogo, uliona video?" Sijamjibu mpaka leo. Wewe hujanung'unika. Ulisema tu utaenda "Mungu akipenda". Mungu alikuwa amependa, dada. Ni mimi niliyekataa.

Sasa nakuomba kitu. Tangu siku ile kila nikikuandikia unanijibu "sawa". Nimetuma salamu, sawa. Nimeuliza Mama amekula, sawa. Hiyo sawa yako ni baridi kuliko hii theluji. Nitukane. Niite mchoyo, niite mjinga, niambie nimeiba pumziko lako nikaenda kulitembeza barabarani, maana ndivyo nilivyofanya. Nitukane vile ulivyonitukana nilipomwaga ndoo nzima ya maziwa ya kanisa. Ulinifukuza mpaka mtoni, halafu jioni ukanigawia nusu ya kiazi chako. Hiyo ndiyo hasira ya dada, naijua, naiweza. Hii ya kunyamaza siiwezi.

Mimi nimeshazungumza na wakubwa wa kazi. Wamenipa ruhusa ndefu bila mshahara, nitafika mwezi wa tatu na nitakuwa huko mpaka mahindi yapaliliwe. Tikiti nimekata, na hakuna kazi ya kusingizia tena. Sijui kama Mama atanijua nikifika. Hata asiponijua nitamwosha, na akipiga nduru nitakaa nje ya mlango mpaka anyamaze, kisha nitaingia tena. Kumwogesha mjukuu wako mara ya kwanza, hilo siwezi kukurudishia na sitajifanya. Lakini nasikia ameanza kucheka na watu. Nataka akuchekee wewe.

Nisalimie Barasa kule Webuye na mke wake. Mwambie asiuze lile koti la Baba kabla sijafika, namjua. Nisalimie senge yetu, dada ya Baba, umwambie dawa ya macho nitakuja nayo. Wafula na Sarah wasalimie sana, na huyo mdogo, ukimfikia, mbusu kwenye lile paji. Mama mwambie asinitafute usiku, tope litamwangusha. Mwambie nimesikia aliniita.

Siku nitakayofika usichinje kuku wala usiite watu. Nitalala kwenye kitanda chetu cha zamani, na alfajiri nitaamka kabla yako nikamue mimi, hata kama ng'ombe atanipiga teke. Mama akitoka atanikuta bomani na moshi wangu mdomoni, na akiniuliza navuta nini nitamjibu na sitaenda popote. Wewe hutakuwepo kusikia. Wewe utakuwa umeshatoka kwa lango, umebeba kikapu chako cha zawadi za mtoto, na kila atakayekukuta njiani akuulize unaenda wapi, umwambie kwa sauti: Bungoma, kwa mjukuu wangu.

Asubuhi itakuwa na baridi, dada. Funika kichwa.

Mdogo wako aliyekukosea,
Naliaka