Nimefungiwa na Buibui

Ghala la Marobota,
Nyuma ya Reli.
Jumapili, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe na goti lako? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Nakuomba usilitese. Mimi mwilini sijambo, ila nimekwama, na aliyenikwamisha ana miguu minane.

Mpagazi mmoja alichomwa mkono na kitu akifungua robota la mitumba. Mkono ukavimba, bwana afya akaagiza ghala lifungwe, nami wa makumbusho nikaitwa nimtambue mdudu. Nilipoingia tu, mlango ukafungwa nyuma yangu. Hatoki mtu wala robota mpaka nitaje jina.

Buibui wengi wana macho manane. Huyu ana sita, mawili mawili, mafungu matatu. Hapa kwetu wenye macho hayo ni wa jenasi mbili, yaani koo mbili tu. Mmoja ana mgongo bapa pale inapoota miguu, na sumu yake huozesha nyama. Mwingine mgongo wake umetuna kama kofia, hutema gundi akanasa mbu, na mtu hamdhuru. Utasema ni kazi ya dakika moja. Thubutu! Mlinzi wetu, tunamwita Kufuli, alikuwa ameshamkanyaga. Sasa buti likishapita, nani asiyekuwa bapa? Ikabidi mimi, yeye na wapagazi tutafute mwingine mzima, robota kwa robota, huku tukilala juu ya makoti ya watu tusiowajua.

Nikampigia Mama asiwe na wasiwasi. Nikamwambia kwa furaha zangu zote, "Mama, nimefungiwa ghalani na buibui mmoja mzuri ajabu, sitoki mpaka nimjue vizuri." Simu ikakatika. Mama siku zote anadhani kazi yangu ni kupanga vyungu. Akaenda moja kwa moja kwa mchumba wangu, naye unamjua, fundi cherehani. Kwao buibui ni la kuvaa, na likisifiwa hivyo, basi ndani yake yumo mtu. Mchumba akanitumia jibu moja tu: "Ukishamjua vizuri, muoe." Tangu hapo hapokei simu yangu.

Nilicheka, Shangazi, kisha kicheko kikanikauka. Nilimpigia Mama tena kumweleza kwamba ni mdudu. Akasema, "Sawa, mdudu. Tumeshamwambia. Lakini mwanangu, huyu binti sijawahi kukusikia ukimsifu kwa sauti ile." Ndilo neno ninaloshinda nalo humu ndani, na sina pa kulikimbia.

Jana tulimpata wa pili kwenye mkunjo wa shuka, mzima kabisa. Mgongo umetuna vizuri. Kumbe mpagazi wa watu alichomwa na pini iliyobaki nguoni! Kesho Jumatatu, bwana afya akirudi kazini, tunafunguliwa. Wenzangu wanaimba, Kufuli anacheza. Mimi mlango huo nauogopa. Nikitoka, na mchumba wangu bado hataki kunisikia, nitakuwa nimetoka wapi?

Nenda kwake, tafadhali. Habari za mdudu achana nazo, anazo. Mwambie ana kidoti chini ya sikio la kushoto, hukifunika kwa mtandio akiona haya. Ana kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Akikata uzi kwa meno hufumba jicho moja, na kicheko chake huanzia mabegani ndipo sauti itoke. Yote haya nimeyaona siku nyingi, nikanyamaza kama bubu. Nampenda, Shangazi, na sijamwambia. Hawa wadudu wangu wa chupani huwa nawatambua kwa kuwalinganisha na wenzao. Yeye sina wa kumlinganisha naye.

Nisalimie Mama, umwambie nimemsikia. Nisalimie na Mjomba Fundi Saa, najua Mama ameshamsimulia, aache kunicheka. Najua mchumba wangu anakaa ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zile zina adabu mbaya. Mungu akupe goti jepesi, leo tu, ufike mlangoni kwake.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye, niliye ndani bado.