Tiketi Moja, Watu Wawili

Jumapili jioni, mwezi wa nane. Mvua imekatika sasa hivi, na hapa Hai Mauna ni matope mpaka mlangoni. Stima hakuna tangu juzi. Naandika kwa simu na chaji imebaki kidogo, kwa hiyo nikikatika ghafla msidhani nimekufa.

Nimechoka. Nimefurahi pia, na nimeumia, vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Wacha nianze na pesa, maana wiki hizi silali bila kuziwaza.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua nasimamia chumba cha dobi katika hoteli moja hapa Juba. Nilikuja mwaka ule wa uhuru wa Sudan Kusini, bendera ikiwa bado mpya na kila mtu akiamini atatajirika kabla ya Krismasi. Nilikuja na mwanangu Simiyu, akiwa na miaka mitatu. Vita vilipoanza nilimrudisha Bungoma kwa mama yangu, mimi nikabaki kwa sababu lazima mtu mmoja atafute. Tangu hapo, karibu miaka miwili, nimemwona mara moja tu, likizo fupi ya kunywa chai na kuaga. Sasa mtoto anamwita nyanya yake "Mama". Mimi ananiita "Mama Juba".

Mara ya kwanza kusikia jina hilo kwenye simu nilicheka. Nilipokata simu nikalia kama mjinga.

Wiki iliyopita ndugu yangu alimleta kwa likizo ya shule. Jumatano hii huyo ndugu yangu anarudi Kenya. Mama alikuwa ameniambia wazi: "Huyo mtoto ni wako. Muulize mwenyewe anataka kukaa wapi. Akisema Juba, mjomba wake atarudi peke yake." Shule nilishamtafutia, hata kitanda nilishakiagiza kwa fundi hapa mtaani. Kilichobaki ni mtoto mwenyewe kusema ndiyo.

Nami nikaamua nitamuuliza baada ya treni.

Iko bustani moja ya michezo ya watoto hapa mjini. Watu tunapaita "kwa twiga", kwa sababu kuna twiga aliyechorwa langoni, mchoro wa mtu ambaye nina hakika hajawahi kumwona twiga. Ndani kuna bembea, vikombe vinavyozunguka, na treni ndogo ya betri inayozunguka bustani yote polepole. Kabla ya vita Simiyu aliipanda akiwa mapajani mwangu. Katika simu za Jumapili zote hizi, swali lake lilikuwa moja: "Treni bado iko?" Nami nikawa najibu iko, ukija tutaipanda.

Niseme ukweli, hii ni shajara. Nilitaka kumhonga mtoto. Nilitaka ashuke kwenye ile treni akiwa na furaha mpaka masikioni, halafu nimuulize kabla furaha haijapoa.

Shida ni kwamba hongo yenyewe inapanda bei. Pale langoni kuna ubao, na bei imeandikwa kwa chaki. Mwenye bustani ni mjanja, hawezi kupoteza rangi kwa kitu kinachobadilika kila wiki. Pauni ikianguka jioni kwa wale vijana wa kubadilisha pesa, asubuhi chaki imefutwa. Nimeweka akiba tangu mwezi wa sita. Kila nikifika pale ilipokuwa bei, nakuta imehamia mbele. Nilikuwa nimepanda boda siku moja tu kuokoa muda wa kwenda kuangalia ubao, nikajuta, nikarudi kwa miguu.

Nimejaribu kila ujanja. Nimeacha soda. Nimejua kwamba Jumamosi kabla ya saa tano kiingilio ni nafuu kidogo. Mpishi mmoja wa hoteli aliyehamisha watoto wake Kampala aliniuzia kuponi zake za michezo za zamani kwa bei ya zamani, nami nilimshukuru kama amenipa shamba. Chakula tungebeba, chapati na mayai ya kuchemsha, maana ndani chupa ya maji tu inakutoa jasho.

Ujanja wa mwisho alinipa Mama Akello. Huyu ni Mganda, anauza nguo za watoto mtaa wa Hai Jalaba, na kwa kubana pesa hana mpinzani. Kwenye mguu wa yule twiga pamepigwa mstari mwekundu. Mtoto asiyeufikia anaingia bure.

"Wewe iko na pesa ya kutupa?" akaniuliza. "Mwambia mtoto akunja magoti kidogo. Vaa yeye suruali kubwa. Nani ataona?"

Nikacheka, nikasema Simiyu hana haja ya kukunja chochote. Zamani mstari ule ulikuwa juu ya kichwa chake, mbali kabisa. Ndiyo, nilikuwa nimemwona stendi aliposhuka. Nilikuwa nimemvua viatu na kushangaa ukubwa wa miguu. Lakini kichwani mwangu alikuwa bado yule wa kukaa mapajani. Akiba yangu yote niliipangia mtoto wa miaka mitano.

Jana tulifika mapema, jua limetoka vizuri, mimi nimevaa gauni langu la kanisani. Simiyu alikuwa anaruka njia nzima. Tulipokaribia lango nikaangalia ubao. Chaki mpya. Bei imepanda tena, na ile nafuu ya asubuhi imefutwa kabisa kana kwamba haikuwahi kuwepo. Nilichokuwa nacho kingeingiza mtu mmoja tu.

Kwa hiyo yule twiga akawa kila kitu.

Nikainama nikamnong'oneza mtoto: "Ukifika pale, kunja magoti kidogo. Kidogo tu."

Aliniangalia kwa mshangao, hata hakuelewa. Akaenda kwenye mstari, akageuza mgongo, akajinyoosha! Alijinyoosha mpaka shingo ikatoka kwenye kola, kifua mbele, visigino vimebana.

"Mama alisema nikuonyeshe vile nimekua," akasema.

Mstari ulikuwa unapita karibu na sikio lake.

Kijana wa tiketi alilelewa Kenya wakati wa vita vile vya zamani, Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa. Akatabasamu. "Mathe, huyu ashapita. Ashapita kitambo."

Kitambo. Sijui kwa nini neno hilo ndilo lililonichoma. Nilisimama pale nimeshika mfuko wa chapati, nikijua kwamba kijana wa tiketi ameweza kuona kwa dakika moja kitu ambacho mimi nilikataa kukiona wiki nzima. Na mtoto mwenyewe alisafiri njia yote ile ili nikione, nami namwambia akifiche.

Nikajikaza kisabuni, nikaanza kubembeleza. Nikataja hoteli, nikataja kanisa, nikataja kwamba mimi ni mwembamba sichukui nafasi. Kijana akashika kifua kwa huruma. "Malesh, pole mathe. Si mimi, ni dola." Akaniahidi atamkalisha mtoto kwenye treni yeye mwenyewe, na akaniambia nikasimame kwenye uzio wa waya upande wa barabara, kutoka pale mtu huona kila kitu.

Nikanunua tiketi moja. Nikampa Simiyu kuponi zote. Alisita kidogo, akauliza, "Na wewe?" Nikasema mimi nilishapanda sana, nimechoka nayo. Akaamini upesi mno, akakimbia.

Nilipofika kwenye uzio nilikuta nusu ya Juba iko pale.

Kweli tena! Akina mama, akina baba, dada mmoja na mtoto mchanga mgongoni, bwana mmoja amevaa tai, wote wamening'iniza vidole kwenye waya, wanaita watoto wao walio ndani. Mmoja anapitisha muhogo kwenye tundu la waya. Mwingine anamfokea mtoto amalize zamu amwachie mdogo wake nafasi. Yule bwana wa tai alinisogezea nafasi, akasema kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, "Hata mimi, mama. Tiketi ya moja tu." Tukacheka. Aibu yote ikaniisha. Kumbe huu ndio ujanja wenyewe, na sote tuliugundua kila mtu peke yake kwa kukosa.

Na nilifurahi, naomba niandike hilo. Treni ikapita, Simiyu yuko behewa la mbele, ameshika chuma kwa mikono miwili, uso wote ni meno. Akaniona. Akapunga mkono mpaka nikaogopa ataanguka. Ikazunguka, ikarudi, akapunga tena. Nikaanza kulipanga swali langu. Nitamuuliza tukila chapati. Nitasema, Simiyu, ungependa kukaa huku, tuwe tunakuja kwa twiga? Nilikuwa na hakika atasema ndiyo. Kwa uso ule, angesema ndiyo kwa lolote.

Ndipo mlio kama wa risasi ukapasuka nyuma yetu.

Sikumbuki kuamua. Nilikuwa nimesimama, halafu nikawa nimelala, kidevu kwenye mchanga, gauni la kanisani na yote. Sote pale kwenye uzio tulikuwa chini, bwana wa tai, dada na mtoto wake chini ya kifua sasa, si mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Sisi wa Juba tumeshajua, unalala kwanza, unauliza baadaye.

Chini ya waya palikuwa na nafasi ndogo, nikaona ndani. Bembea zilikuwa zinacheza tupu. Dereva wa treni alikuwa amejirusha kwenye majani, na treni ilikuwa inaenda yenyewe polepole. Watoto wote walikuwa wameteremka chini ya viti, mikono kichwani, hata wadogo wa miaka mitatu, na hakuna mtu mzima aliyewaambia. Walifanya vizuri. Walifanya vizuri sana, jamani.

Na mwanangu alikuwa amekaa.

Peke yake kwenye treni nzima, wima, anageuza kichwa huku na huku na tabasamu la nusunusu, anatafuta wenzake wamekwenda wapi. Nikapiga ukelele, "Simiyu! Lala chini! Lala!" Akasikia sauti yangu. Akaniona pale mchangani.

Akanipungia mkono.

Ilikuwa tairi. Lori la mchanga limepasukiwa na tairi barabarani, basi. Mtu akapaza sauti, "Tairi! Khalas, ni tairi!" na watu wakainuka wakijikung'uta na kucheka kile kicheko chetu kirefu kuliko kawaida. Bwana wa tai alikuwa anatafuta kiatu chake. Watoto wakatoka chini ya viti, wakaendelea kudai zamu. Dereva akaikimbilia treni yake, akaipanda. Yote hayo hayakufika hata muda wa kuchemsha maji, na bustani ikawa kama kawaida.

Mimi ndiye niliyeinuka mwisho.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nimemshika mkono, nadhani kwa nguvu mno, maana alibadilisha mkono mara mbili. Chapati alikula zote. Njiani akaniuliza, "Mama Juba, ule mchezo wa kulala chini unaitwaje?"

Nikasema hauna jina.

"Mimi sikuujua, nikashindwa. Wote walinishinda." Akafikiri. "Nifundishe. Tukirudi tena nitalala wa kwanza."

Nilimwonyesha ng'ombe barabarani, na kwa bahati nzuri ng'ombe walikuwa wengi.

Usiku nilijiambia maneno yote ya kujitetea. Kwamba watoto wa hapa wanacheka na kukua. Kwamba mji umetulia, kila mtu anasema. Kwamba angejifunza kwa wiki moja tu, watoto hushika haraka. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Ni kweli, angejifunza kwa wiki moja. Mimi ndiye ningemfundisha, hapa sakafuni, kwa sababu mama yeyote wa hapa mwenye akili humfundisha mtoto wake. Na siku moja ningemwona analala vizuri kama wale wengine, nami ningejivunia.

Asubuhi baada ya kanisa nilimpigia mama. Nikamwambia Simiyu anarudi na mjomba wake Jumatano. Mama akauliza kwa upole, "Amekataa kukaa nawe?"

Nikasema ndiyo, amekataa.

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda ni rahisi mama aamini kwamba mtoto alichagua, asije akaanza kuniuliza niliona nini, halafu naye akose usingizi kwa ajili yangu mimi niliyebaki. Simiyu hajui kwamba palikuwa na swali. Fundi wa kitanda nitazungumza naye kesho, atafute mteja mwingine.

Je, nimefanya vema? Naandika hili nikijua kwamba Krismasi atakuwa amerefuka tena bila mimi, na ataendelea kuniita Mama Juba mpaka aanze kuona haya kuniita chochote. Nina hasira. Sina wa kumkasirikia aliye karibu, kwa hiyo leo nimefua kila kitu ndani ya nyumba hii, mpaka mapazia, na sasa hayawezi kukauka kwa mvua.

Mchana nilipokuwa nakamua shuka nilimwona kupitia mlango. Alikuwa amejilaza sakafuni peke yake, kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Akanisikia. Bila kuinua uso akauliza, "Ni hivi?"

Niliangusha shuka. Nikamwinua kwa mabega, nikamfuta vumbi shavuni, nikamwambia asijisumbue na mchezo huo, Bungoma hakuna mtoto hata mmoja anayeucheza.