Upande wa Pili wa Karatasi ya Vipimo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye jalada, mtaani huitwa Mama Pindo
Umri: miaka 47
Kazi: fundi cherehani
Makazi: chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji
Tarehe na saa: 3 Julai, saa 3:20 asubuhi

Nimekuja kwa hiari yangu, sikuitwa, na naomba afande aandike hivyo. Marehemu, tuliyemwita Kipusa, alikuwa na saluni mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Alikuwa shoga yangu wa miaka kumi na moja. Daktari mliyemweka ndani simfahamu. Nasikia anasema alimpa mgonjwa karatasi ya maagizo, na kwamba karatasi hiyo haionekani.

Mnamo tarehe 4 Juni Kipusa alifanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta ya tumbo na kiuno. Mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa tarehe 28, na nguo ya Kipusa ya kuvaa siku hiyo nilikuwa namshonea mimi. Tarehe 13, saa nne asubuhi, aliingia dukani anatembea mwenyewe, uso umenawiri. Nilimwambia, "We mwanamke, nilidhani utaletwa kwa machela!" Akasema, "Napona vizuri mpaka daktari mwenyewe kashangaa." Nilifurahi, sikufichi. Akanionyesha nguo ya kubana aliyovalishwa kliniki, kuanzia chini ya matiti hadi mapajani. Uvimbe ulikuwa umepungua, nguo imelegea. Akasema, "Kaza kidogo, shoga. Kule wataniweka foleni kutwa, na fundi ninaye hapa."

Daftari langu lilikuwa limeisha, nikamwomba karatasi. Alitoa moja kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Nikaandika upande mweupe: kiuno 84, paja 58, punguza 4. Nikaichomeka msumarini pamoja na nyingine. Sisi mafundi tunaandika kwenye chochote, hata boksi la viatu, na hakuna anayesoma kilichochapwa nyuma. Sikuigeuza.

Tarehe 19, saa kumi jioni, alirudi. "Kaza tena." Nilimwambia imetosha. Akanibembeleza, nami kwa Kipusa sikuwahi kuwa na msimamo. Nikapunguza sentimita mbili nyingine, na mapajani pia. Akasema shavu la mguu wa kushoto linamuuma. Niliutazama, ulikuwa umejaa kuliko wa kulia. Nikamwambia, "Ni kukaa tu huko, unyooshe." Hayo ni maneno yangu, nayakubali.

Tarehe 21, saa tano kasoro kumi asubuhi, alikuja kujaribu nguo ya harusi. Zipu ilipanda hadi juu bila kukwama. Akageuka mbele ya kioo, akasema, "Jamani, huyu ni mimi?" Nikamwambia ni wewe, nani mwingine. Kisha akakaa kwenye stuli, akashika kifua. "Nifungulie, sipati pumzi." Nilidhani ni zipu, nikaifungua. Haikusaidia. Nikachukua mkasi nikaikata ile nguo ya kubana ubavuni, juu ya mshono wangu mwenyewe. Mkato mliouona kwenye nguo hiyo, kielelezo chenu, si wa hospitali, ni wangu. Alikata roho ndani ya gari la fundi friji wa jirani, kichwa chake mapajani mwangu. Hospitali walituambia damu iliganda mguuni, ikapanda mapafuni.

Msibani mume wake, ambaye ni shemeji yangu, aliniambia, "Daktari hakumpa agizo lolote, hata karatasi hatukuiona." Nilimwitikia. Wakati huo sikujua.

Juzi, tarehe 1 Julai, nilikuwa natoa vipimo vya zamani msumarini. Nikaigeuza ile karatasi. Imechapwa hivi: "Nguo hii isipunguzwe na mtu yeyote nje ya kliniki. Mguu mmoja ukiuma au kuvimba, njoo siku hiyo hiyo." Nilisoma nimesimama, halafu nikakaa chini sakafuni.

Nilishika kiberiti, afande. Ningeichoma, daktari angefungwa na mimi ningeendelea kushona. Lakini kila mteja ninayemzungushia tepu kiunoni, namsikia Kipusa sikioni: "Kaza kidogo, shoga." Tangu juzi nashona nguo za watu pana, na jana wawili wamenirudishia. Nguo yake ya harusi bado iko kwenye sanamu dukani. Nimeigeuzia ukutani, na asubuhi naiona kama inapumua. Ni feni. Najua ni feni, lakini nimeizima na bado naogopa kuitazama.

Karatasi hiyo naikabidhi leo. Shemeji yangu hajui lolote. Yuko hapo nje kwenye benchi, yeye ndiye aliyenisindikiza, akidhani nimekuja kumkandamiza daktari. Njiani kaninunulia maji. Naomba nimwambie mwenyewe kabla hamjamwambia ninyi.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimepokea karatasi moja, imeandikwa pande zote mbili, ina tundu la msumari. Shahidi alipofika kwenye habari za tarehe 19 nilimwonya kwamba halazimiki kuendelea, akasema, "Andika." Ombi lake la mwisho nimelikubali. Saa 4:35 alitoka kwenda kwenye benchi. Mume wa marehemu alimsogezea nafasi akae.