Baron wa Makaburi Mapya

Jumatatu, 5 Oktoba
Baba bado anakohoa. Wageni kutwa! Tangu mto ubebe makaburi ya zamani — na la Mama humo humo — hakuna aliyezikwa kwenye yale mapya ya kilimani. Ukuta mweupe, msalaba, majani tu. Jirani yetu Silfa kaleta supu ya maboga, akachungulia chumbani. Eti mwanamume wa kwanza kuzikwa ndiye huwa Baron, bwana wa wafu wote pale. "Nanyi jina mnalo tayari, shoga! Kazi kwisha." Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 7 Oktoba
Baba alisikia yote. Kasema jina lilikuwa la Mfaransa wa enzi za utumwa, mwenye shamba na watu. Kijiji kikaitwa Baron, nasi tukaitwa Baron, kama ng'ombe na chapa. "Nimelibeba maisha yangu yote. Na nikifa nilibebe? Baron halali, Ismanie. Kila maiti humbishia hodi. Mimi nataka kulala."

Asubuhi nimekuta chupa ya ramu yenye pilipili langoni. Kinywaji cha Baron! Na baba yangu yu hai! Nimeimwaga. Mikono inanuka mpaka sasa.

Ijumaa, 9 Oktoba
Oranel, mumewe Silfa, kaanguka kutoka juu ya mshelisheli. Kafa papo hapo.
Mungu nisamehe — kwanza nilishusha pumzi.

Jumamosi, 10 Oktoba
Hawamziki! Wamemlaza juu ya barafu, wanasubiri. Wanamsubiri nani, hakuna asemaye. Wanaume wamekaa nje ya ua wetu tangu alfajiri. Silfa kaja, macho mekundu, leo hana utani. "Shoga, mzee kaamkaje?" Nikamwambia hajambo, kala bakuli zima. Akalia kama nimempiga.

Jumapili, 11 Oktoba
Barafu imekwisha sokoni. Baba kauliza ni harufu gani. Nikasema panya. Akageuza uso upande wa kwa Silfa.

Tangu asubuhi hataki kula. Uji nimeupasha tena na tena.
"Oranel kijana yule," kasema. "Watoto wake mwenyewe hakuweza kuwanyamazisha, atawaweza wafu?"
"Utani gani huo, Baba!"
"Hilo bakuli mpelekee Silfa."

Sikulipeleka. Nimekaa kitandani kwake, naandika ili mikono iwe na kazi. Dirishani nawaona wale wanaume wamesimama, wamevua kofia. Nani kawaambia kuwa hataki kula?

Nimejaribu tena. Kijiko kimoja tu, Baba. Kafunga kinywa. Ananitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia —