Jibu la Mara ya Ishirini na Saba

Ijumaa, 9 Januari
Nimefika Jeddah! Likizo yote nitakaa chuoni kwa Dada Velma. Baba alinisindikiza uwanja wa ndege wa Riyadh akiniagiza nisimsumbue. Alhamisi Dada anawasilisha utafiti wake mbele ya maprofesa. Akipita, ufadhili unaendelea. Asipopita — ufadhili halas, umekwisha; ikama, kibali chake cha kuishi huku, halas; arudi nyumbani Kakamega. Baba alisema hivyo akicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 10 Januari
Nilimwuliza Dada anasomea nini hasa. Anazigawia kompyuta nyingi kazi moja, zifanye zote kwa pamoja. Hatari ni zisipongojana. Tulikuwa tunapika chapati na rafiki yake Selipher. Dada alionja unga, hauna chumvi, akaenda kuitafuta kabatini. Selipher naye akaonja, hauna, akatia yake. Dada akarudi, akatia tena. Tulipoketi kula, Selipher akauma ya kwanza: "Velma, hii ni chapati ama Bahari ya Shamu?" Dada akapiga makofi. Ndiyo hatari yenyewe! Kila mmoja alikuwa sahihi alipoonja.

Jumapili, 11 Januari
Dada amenipa kazi ya kweli: kuendesha programu yake mara arobaini na kunakili jibu kila mara. Inakadiria joto la bahari. Inazishinda za wenzake wote kwa kasi, kwa sababu ameondoa mahali pamoja ambapo kompyuta zilikuwa zikingojana. Ishirini na sita za kwanza, sawa. Ya ishirini na saba — tofauti! Nilidhani nimekosea kunakili. Nikatazama tena. Sikukosea. Zilizobaki zote sawa.
Nimemwambia Dada majibu yote yamefanana. Mungu nisamehe.

Jumatatu, 12 Januari
Baba alipiga simu. Amewatangazia wote ofisini kwake Olaya, kule Riyadh. Hata bosi wake sasa anamwita Abu Doktora, yaani Baba wa Daktari. Dada alicheka sana. Mimi sikumaliza chakula. Nikisema, nitamharibia. Nisiposema, mtu mwingine ataliona kosa, tena mbele ya watu.

Jumatano, 14 Januari
Nimesema. Dada hakunigombeza. Aliuliza tu nimemwambia nani. Hakuna. Akakaa, kisha akasema polepole: mara moja kati ya arobaini, nani ataona? Nikamjibu kwamba mimi nimeona. Akaniambia nitoke.
Nikiwa nje ya mlango nilimsikia akiiendesha mwenyewe, anahesabu kwa sauti. Alipofika hamsini na tatu, aliacha kuhesabu. Naye ameliona.

Alhamisi, 15 Januari
Saa mbili asubuhi. Uwasilishaji ni saa nne. Dada ameingia kwa Profesa anayemsimamia. Mimi niko nje kwenye kiti, naandika. Mlango haukufungwa vizuri.
Profesa anauliza kama anaelewa maana ya kusema haya leo. Dada anasema anaelewa. Profesa anauliza ni nani aliyeligundua kosa. Mdogo wangu, Dada anajibu, yuko darasa la tisa.
Hakuna anayecheka.
Simu yangu inatikisika — Baba. Siwezi kuipokea. Atauliza mambo yanaendaje, na nitamwambia nini?
Kiti kinasogezwa ndani. Dada yuko mlangoni, macho mekundu, lakini sauti yake ni ileile ya siku zote. "Njoo, Ivy. Anataka umweleze wewe. Usipunguze kitu."